Kinanda cha Mkunazini na njia iliyopita kwetu

Majaribio yamekwisha, bumu bado halijaingia, na mabwenini watu tunaishi kwa kupigiana mizinga ya chai na maandazi. Lakini leo sikuja kulia njaa. Nina jambo limenikaa kifuani tangu tuliporudi kwenye ile safari ya darasa ya Unguja, na nimeona bora niliandike, maana kila nikijaribu kulisimulia kwa mdomo pale kantini, stori inaishia kwenye utani na kila mtu anarudi kwenye mambo ya mpira.

Kwa wasionifahamu vizuri, mimi ni mtu wa Tingi. Usiulize Tingi ndiyo wapi, maana nimeshachoka kujibu. Tingi iko Kilwa, mkoa wa Lindi. Ukitoka Nangurukuru ukiwa kwenye basi la kwenda Dar, hujakaa sawa kwenye kiti umeshaipita. Kivinje iko jirani tu. Nyumbani kwetu ni Waislamu, nimesoma madrasa kabla ya kusoma shule, na mpaka nafika chuo nilikuwa sijawahi kuingia ndani ya kanisa hata siku moja. Kanisa la kwanza kuingia maishani mwangu likawa ndilo hili la Mkunazini, na kitu cha kwanza kunivuta humo ndani kilikuwa ni kinanda.

Basi nianze na kanisa lenyewe.

Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Mji Mkongwe, limesimama mahali palipokuwa na soko la watumwa la Unguja. Hilo wengi tumelisoma sekondari, tukakariri, tukapata maksi, tukasahau. Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza tarehe 5 Juni 1873, soko likafungwa. Wamisionari wa UMCA, yaani misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, walikuwa Unguja tangu 1864. Wakapata uwanja ule ule wa soko, na siku ya Krismasi ya 1873, miezi sita tu baadaye, likawekwa jiwe la msingi. Krismasi ya 1877 watu wakasali ndani, japo kazi ya ujenzi ilikuwa haijaisha.

Aliyelisimamia ni Edward Steere, ambaye alikuja kuwa askofu 1874. Ndugu zangu wa Idara ya Kiswahili huyu mnamjua, ndiye aliyetoa kitabu cha kujifunzia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na mwaka huo huo akachapisha hadithi za Waswahili alizosimuliwa na wenyeji. Hakuwa fundi ujenzi, lakini ndiye aliyekaa juani na mafundi. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na dari ni tao moja refu, kama pipa lililopasuliwa katikati likafunikwa juu ya watu, limetengenezwa kwa vipande vya mawe na saruji. Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa humo humo, nyuma ya altare.

Nikiangalia ile dari nilijikuta nacheka peke yangu. Wenzangu walikuwa wanashangaa, mimi nikajiona niko nyumbani. Ukienda Kilwa Kisiwani, ndani ya Msikiti Mkuu, utakuta matao kama hayo na kuba, yote ya matumbawe na chokaa, na ni ya karne nyingi kabla huyo Steere hajazaliwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Kwa hiyo jiwe la pwani lilishazoea kuinama juu ya vichwa vya watu wanaosali. Kiongozi wetu alituonyesha pia zile nguzo ambazo inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu, askofu akiwa safarini. Kila mgeni akifika hapo anacheka, na sisi tukacheka.

Tulipomaliza kucheka ndipo nikakiona kinanda.

Mimi nikisikia kinanda ninajua kile cha plastiki cha bendi, kina vitufe na waya. Hiki ni kitu kingine kabisa. Ni mabomba yaliyosimama wima, yamepangana kwa urefu kama gwaride. Kiongozi akasema kimetengenezwa Uingereza na Henry Willis, akaendelea na mambo yake. Mimi nikabaki pale. Kwa bahati nzuri darasani kwetu kuna jamaa wa Masasi, Mwanglikana wa kuzaliwa, ambaye anapiga kinanda cha umeme kwenye kwaya yao. Kwa sababu wote ni watu wa kusini tunaitana mtani. Huyo ndiye aliyenifundisha.

"Mtani, umewahi kuona zumari?"

Nikamwambia mimi mtu wa Kilwa unaniuliza zumari?

"Basi hii ni zumari nyingi, pumzi moja."

Nitawaeleza kama alivyonieleza. Kila bomba moja linatoa sauti moja tu, basi. Bomba refu sauti nzito, bomba fupi sauti nyembamba. Bomba linalotoa ile sauti nzito ya upande wa kushoto kabisa wa vifunguo huwa na urefu wa kama mita mbili na nusu, na yapo mengine madogo kuliko penseli. Mengine ni ya mbao, mengine ni ya chuma laini kilichochanganywa bati na risasi. Yote yamekaa juu ya sanduku kubwa lililojaa upepo. Ukibonyeza kifunguo, chini ya bomba kinafunguka kilango kidogo, upepo unapanda, bomba linaimba. Ukiachia, kilango kinajifunga na sauti inakatika hapo hapo. Pembeni kuna vishikizo vya kuvuta, hivyo ndivyo vinavyochagua safu ipi ya mabomba iitike. Kwa hiyo mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti anaweza kuamrisha mamia ya filimbi.

Huyo Henry Willis alizaliwa 1821 akafa 1901, na kwao alikuwa fundi wa mafundi. Kinanda cha ukumbi wa Royal Albert Hall wa London, 1871, ni kazi yake. Cha kanisa la St Paul's, 1872, ni kazi yake. Wenzake walimpa jina la heshima, wakamwita Baba Willis. Sasa chukua mashine ya namna hiyo, ya mbao na ngozi na gundi, iliyozoea baridi ya Ulaya, iweke Unguja. Mtani akasema joto na unyevu ndiyo maadui wake. Mbao zinavimba, ngozi za mvukuto zinakauka na kupasuka, mchwa nao wana mipango yao, na sauti inapanda na kushuka na hali ya hewa. Kinanda cha namna hii bila fundi wa kukitunza kinakufa taratibu kama mtu mzima asiye na mtoto.

Halafu akaniambia kitu ambacho mpaka leo kinanizunguka.

"Lakini mtani, hiki kitu mpigaji si yeye anayekipa pumzi."

Mpiga zumari anapuliza kwa mapafu yake, mashavu yanamvimba mpaka unamwonea huruma. Mpiga kinanda cha mabomba yeye amekaa tu, vidole vinatembea. Siku hizi upepo huletwa na feni ya umeme. Zamani, kabla ya umeme, alikuwepo mtu nyuma au pembeni akisukuma mvukuto kwa mikono au miguu, ibada nzima. Akichoka yeye, muziki umekufa. Watu waliokaa mbele walimwona mpigaji, na jina la fundi lilibandikwa kwenye ubao, ila yule mwenye kuleta hewa hakuna aliyemwuliza jina.

Nikawa namfikiria huyo mtu. Ndipo mtani wangu, kwa ule utani wetu wa siku zote, akaniangalia na kusema kwa sauti ya chini:

"Ila nyie watu wa Kilwa ndio mliotuuza hapa."

Wenzetu wawili wakacheka. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa.

Jamani, si neno jipya. Kila mtu wa Kilwa aliyesoma historia anajua kwamba Kivinje ndiyo ilikuwa bandari kubwa ya watumwa katika pwani yetu. Tena hesabu zipo. Rekodi za forodha za kati ya 1862 na 1867 zinataja watumwa zaidi ya 97,000 waliopakiwa Kilwa, na zaidi ya 76,000 kati yao walipelekwa Unguja. Gawanya mwenyewe, ni karibu 20,000 kila mwaka. Na waliofika Unguja kuuzwa, soko ndilo hilo, palepale tuliposimama na kamera zetu. Kwa maana nyingine, ukichimba historia ya kanisa lile unatokea Kivinje. Ukitoka Kivinje unaifuata njia ya misafara mpaka Ziwa Nyasa.

Nikamjibu, na nadhani nilimjibu kwa hasira kidogo: "Sawa. Na waliowaleta mpaka Kilwa ni akina nani? Si Wayao wenzako?"

Mtani ni Myao. Na hilo nalo lipo kwenye vitabu. Machifu na wafanyabiashara wa Kiyao walikuwa mabingwa wa kupeleka misafara ya pembe na watu pwani ya Kilwa. Wapo Wayao waliouza, na wapo Wayao waliouzwa, wakati mwingine katika kizazi kile kile. Mtani akanyamaza. Tukawa tumesimama wawili mbele ya kinanda ambacho siku hiyo nacho kilikuwa kimya, kila mmoja amemrushia mwenzake babu zake.

Hatukugombana. Tulitoka nje, tukaangalia lile sanamu la mwaka 1998 la msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, watu watano wamesimama ndani ya shimo wakiwa na minyororo shingoni, mtani akanunua miwa tukala. Lakini usiku kwenye boti ya kurudi nilikuwa najiuliza: hivi kwetu Tingi tulikuwa upande gani wa habari hii?

Nilivyorudi chuo nikaingia maktaba, safari hii bila kulazimishwa na mhadhiri. Na nikakuta kitu ambacho hakuna kiongozi wa watalii aliyetuambia.

Mkataba wa Juni 1873 ulikataza kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari. Bahari, mnaelewa? Haukusema kitu juu ya nchi kavu. Wafanyabiashara wa Kilwa wakafanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote anafanya akifungiwa mlango wa mbele. Wakawashusha watu kwenye majahazi, wakawatembeza kwa miguu. Kutoka Kilwa kwenda kaskazini, kuvuka Rufiji, kupita Dar es Salaam, mpaka Pangani na kwingineko, wamefungwa. Mwishoni mwa 1873 na mwanzo wa 1874 afisa mmoja wa ubalozi wa Uingereza, Frederic Elton, alisafiri pwani hiyo hiyo kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akawa anakutana na misafara njiani na kuihesabu. Alihesabu maelfu ya watu.

Sasa weka tarehe hizo pamoja. Tarehe 25 Desemba 1873, Unguja, jiwe la msingi linawekwa, watu wanaimba kwamba soko limekwisha. Majuma yale yale, kwenye njia ya kwetu, watu wanatembea na kamba shingoni kwenda kaskazini. Ni upande huo huo ambao leo basi linapita, Nangurukuru, Tingi, Somanga, Daraja la Mkapa, Ikwiriri, Mbagala. Ile njia ambayo mimi naipita nikiwa na begi la nguo na kifurushi cha korosho kutoka kwa mama, nikilalamika kwamba kiti hakilali nyuma. Mto Rufiji ambao tangu 2003 tunauvuka kwa daraja la dakika moja, wao waliuvuka vipi, Mungu ndiye anayejua.

Hiyo ndiyo iliyonitoa usingizini. Mkunazini wanaadhimisha mwisho, na wana haki. Lakini kwetu mwisho huo ulipita kwa miguu. Ilibidi Barghash atoe amri nyingine Aprili 1876 kukataza misafara ya nchi kavu. Na hata hapo ni biashara tu iliyokatazwa, si utumwa wenyewe. Kisheria utumwa ulifutwa Unguja 1897, na Tanganyika mpaka 1922. Ukipiga hesabu, bibi yake bibi yangu anaweza kuwa aliishi ndani ya miaka hiyo.

Mtani nilipompelekea habari hizi alisoma, akakaa kimya, kisha akaniongezea za kwake. Mwisho wa mwaka huo huo wa 1876, Steere alichukua watu zaidi ya 50 kutoka Unguja, watumwa waliokombolewa, wanaume na wanawake, ambao wengi asili yao ilikuwa bara ya kusini. Nia ilikuwa warudi makwao upande wa Nyasa. Wakashuka Lindi, wakatembea kuingia ndani, na walipofika Masasi wakasema basi, hapa panatosha. Wakajenga. Kutoka kijiji hicho ndiyo Uanglikana wa Masasi unaouona leo, na ndiyo kwaya ambayo mtani anapigia kinanda. Watu walipelekwa pwani na minyororo, wakauzwa, wakarudi kwa mlango wa pili wakiwa na nyimbo mpya. Na lugha waliyorudi nayo ni Kiswahili, ambacho wengi wao walikiokota njiani na Unguja.

"Kwa hiyo mtani," akaniambia, "sisi tulipitia kwenu kwenda, tukapitia Lindi kurudi. Nauli mlitutoza mara moja."

Hapo nikacheka.

Lakini swali langu lilikuwa palepale. Nikampigia bibi simu. Bibi yangu yuko Tingi, umri wake haujui mwenyewe, ila masikio ni mazima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nikazunguka weee, nikamwuliza mvua, nikamwuliza mikorosho, mwisho nikatoa. Nikamwuliza zamani, enzi za watumwa, sisi tulikuwa akina nani? Wauzaji au wauzwaji?

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani salio limekata. Kwetu swali hilo halina adabu. Mtu anaweza kukaa miaka 80 kijijini, mkazikana, mkaozana, na hakuna anayemwuliza babu yake alifikaje. Utasikia tu fulani Mmatumbi, fulani Mngindo, fulani asili yake Shirazi, fulani "watu wa bara", na ukisikia "watu wa bara" inayotamkwa polepole ujue hapo pana kitu kimefunikwa. Nimekulia humo, sikuwahi kufunua.

Bibi akasema, "Mume wangu, katika nyumba hii wamo wote wawili. Nao walikula sinia moja. Sasa wewe unataka tuligawe sinia?"

Nikasema hapana bibi, nataka kujua tu.

"Kujua ni kuzuri. Ila usije ukamwuliza mtu mbele za watu. Ukija likizo, njoo uniulize mimi, usiku."

Mazungumzo yakaisha, akaniulizia kama nina mchumba.

Nimekaa na maneno hayo wiki tatu sasa. Nilitaka jibu la upande mmoja, ili nimjibu mtani wangu, au niombe radhi, au nidai kuombwa. Bibi amenipa sinia. Na naona kidogo kidogo kwamba ndiyo jibu la kweli kuliko yote niliyosoma. Pwani yetu haikujengwa na wauzaji upande huu na wauzwaji upande ule, kisha mmoja akaondoka. Walibaki. Waliozana. Mimi ni mjukuu wa njia nzima.

Lakini kula sinia moja kusiwe sababu ya kunyamaza kabisa, na hapa natofautiana kidogo na bibi, kwa heshima zote. Mkunazini wamesema. Wana kanisa, wana sanamu, na tangu 2016 wana maonyesho ya kudumu ya historia ya biashara ya watumwa pale pale uwanjani. Hata mambo yanayobishaniwa yanasemwa. Kwa mfano vile vyumba vya chini vya jengo la St Monica's, ambavyo watalii wanaambiwa walifungiwa watumwa, wapo wanahistoria wanaobisha kwa sababu jengo lenyewe lilijengwa baada ya soko kufungwa. Sawa, wabishane. Angalau wana cha kubishania. Ile njia ya kati, ya Ujiji mpaka Bagamoyo, iko kwenye orodha ya mapendekezo ya Tanzania kwa UNESCO tangu 2006. Njia ya kusini, ya Nyasa mpaka Kivinje, iliyojaza soko la Mkunazini, haimo ndani ya pendekezo hilo. Kilwa mgeni anapelekwa Kisiwani akaone magofu ya masultani, ambayo ni fahari yetu na yamo kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Kivinje ana mnara wa mashujaa wa Maji Maji, na wanastahili. Lakini wale waliopita tu, ambao hawakuwa masultani wala mashujaa, ambao kazi yao ilikuwa kutembea, wao ni kama yule mtu wa mvukuto. Ukubwa wote wa Unguja wa karne ile, mikarafuu, majumba, milango ya nakshi, pumzi yake ilitoka kwao. Sisi tunamwangalia mpigaji.

Juzi mtani alinitumia kwenye simu rekodi ya kinanda kimoja cha Willis kilichoko Uingereza. Nikavaa spika za masikioni, nikalala kitandani, wenzangu chumbani wakiangalia mpira. Sina ujuzi wa muziki ule, sijui wimbo gani wala wa nini. Nilichosikia ni kwamba ile sauti nzito kabisa huisikii vizuri kwa sikio, unaisikia kifuani, kama lori likipita barabarani usiku na wewe umelala kwenye nyumba ya udongo. Nimelala usiku mwingi Tingi nikisikia malori hivyo hivyo. Na kwa chini kabisa, kabla ya wimbo kuanza, kulikuwa na mvumo mdogo, fuuuu. Nikamwuliza mtani ule ni nini, kasoro ya rekodi? Akanijibu hapana, ule ni upepo unajaa kwenye sanduku. Ukisikiliza vizuri utausikia.

Mpango wetu ni huu. Likizo ikifika, tukiwa hai na bumu likiwa limetoka, mimi na mtani tunapanda basi moja Mbagala. Atashuka na mimi Tingi siku mbili, bibi ameshasema atapika wali wa nazi na pweza, halafu twende Kivinje tukatembee kwa miguu mpaka ufukweni. Kisha tutaendelea Lindi, na kutoka Lindi mpaka Masasi kwao, nikasalimie wazee wake na yeye akanionyeshe kanisa lao. Tutaandika kila tutakachoambiwa na anayekubali kiandikwe, majina ya watu wa kawaida, nani alitoka wapi, nani alikombolewa, nani alibaki. Tumenunua daftari moja la kurasa 200, tumechangia. Kwenye ukurasa wa kwanza tumeandika majina ya vituo kwa mpangilio wa njia, na chini ya kila kituo tumeacha nafasi.

Mwenye babu au bibi kwenye njia hiyo, Songea, Tunduru, Liwale, Kilwa, Rufiji, amwulize. Usiku, na kwa adabu. Ni hayo tu kwa leo, alamsiki.